UZI: Exile ya Geoffrey Oryema (1990), albamu ya Mganda aliyetoroka nchi kwenye buti ya gari

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili. Humu kila siku ni nani kamzidi nani watazamaji YouTube, leo nina mzigo tofauti kidogo, mwenye haraka apite tu hatugombani. Nataka kuiongelea albamu moja inaitwa Exile, ya Mganda Geoffrey Oryema, ilitoka 1990 chini ya Real World, ile lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na prodyuza ni Brian Eno. Nyimbo kumi tu. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wa kunipinga mjipange: watu wanaisifia sana hii albamu kwa utulivu wake, afu sifa yote wanampa Eno, eti ndio fundi wa zile sauti za kuelea. Mimi nasema ule utulivu haukutengenezwa studio, jamaa alikuja nao. Na ukishajua ulikotoka unaisikiliza albamu kivingine kabisa.

Kwanza mwenyewe. Oryema kazaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953 ila kwao ni Anaka, Acholi, kaskazini ya Uganda. Nyumba yao ni ya muziki haswa, baba yake Erinayo Oryema ndiye aliyemfundisha kupiga nanga, ile ala ya nyuzi, na mama yake alikua anaongoza kikundi cha taifa cha ngoma, Heartbeat of Africa. Sasa huyo baba mpiga nanga kazini alikua polisi, tena sio polisi wa kusimamisha daladala, alikua Inspekta Jenerali wa kwanza Mwafrika wa Uganda, baadae akawa waziri serikali ya Idi Amin. Na waziri wa Amin usalama wake mnaujua. Februari 1977 akakamatwa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzie Charles Oboth Ofumbi, wote watatu wakauawa, redio ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Ajali ya gari! Watatu kwa mpigo, walipokua chini ya ulinzi.

Geoffrey hapo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kasomea maigizo, ana kikundi chake cha tamthilia pale Kampala. Wakamficha kwenye buti ya gari akavushwa mpaka akaingia Kenya, kutoka hapo akaenda Ufaransa na huko ndio akaishi maisha yake yaliyobaki. Kwahiyo anayeimba kwenye Exile ni mtu ambaye miaka kumi na tatu imepita hajakanyaga kwao.

Naweka chai jikoni narudi na habari za studio.

Mama Zuu

Nimeweka kambi hapa. Usije ukatuacha njiani kama ule uzi wa Msondo.

Pangaboi_76

Brian Eno si ndio yule prodyuza wa bendi ya U2? Kaingiaje kwa mtu wa nanga?

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Ndio huyo huyo mkuu, yeye na Daniel Lanois ndio walisimamia albamu yao The Joshua Tree ya 1987, na nyuma ya hapo 1978 alitoa Music for Airports, muziki wa kukaa tu kwenye hewa bila kukusukuma popote. Kwahiyo 1990 huyu ni prodyuza wa bei mbaya, yeye ndio anachagua wa kufanya nae kazi.

Mlango ulikua Peter Gabriel. Gabriel alikua kwenye tamasha la muziki wa dunia, WOMAD, toka mwanzo mwanzo miaka ya themanini, 1989 wakaanzisha na lebo, studio yao ipo kijiji kinaitwa Box, Wiltshire, karibu na Bath, ndani ya jengo la zamani la kinu cha maji. Kuna kitu cha ile studio ambacho mtu akiruka hataelewa kwanini rekodi za pale zinasikika zilivyo. Studio tulizozizoea fundi anakaa nyuma ya kioo, msanii upande wa pili peke yake na hedifoni, akikosea anapungiwa mkono. Pale Box chumba chao kikubwa mashine ya kuchanganyia sauti iko humohumo ndani, fundi, prodyuza na mpigaji wanapumua hewa moja, na madirisha makubwa yanatazama maji. Mtu mpole anayepiga ala yenye sauti ndogo ukimfungia kwenye kichumba chenye sponji ukutani unamuua.

Sasa sikiliza wimbo wa kwanza, Piny Runa Woko. Nanga na sauti ya mtu, basi. Haina ngoma, haina besi. Anaanza chini sana karibu anaongea, mdomo uko kwenye maiki, unasikia ncha ya kidole ikiachia uzi kabla noti yenyewe haijafika. Eno pale amefanya kazi ngumu kuliko zote za uprodyuza, amekaa kimya. Huyu ni mtu mwenye rundo la sinthesaiza na jina kubwa afu kwenye wimbo wa kufungulia albamu kaamua asiguse. Na ndani ya albamu hii Gabriel mwenyewe, bosi wa lebo, kaitikia tu nyuma kama mwanakwaya.

Kinyozi wa Mtaa

Mkuu umeandika vizuri ila mimi sikubali kirahisi. Hii habari ya lebo za wazungu kuokota msanii wa Afrika, kumvua bendi, kumuweka na ala moja ya asili, kava la picha ya huzuni, afu wanauza kwa watu wa Ulaya wanaokunywa mvinyo jioni, tumeiona sana. Kampala ya miaka ya sabini jamaa alikua anasikiliza soul na rumba kama vijana wote. Kwanini kwenye albamu awe mzee wa kijijini? Huo utulivu unaousifia ni bidhaa. Wameukuta unauzika.

Mshumaa wa Bukoba

Kabla hamjaendelea kubishana naomba niwaambie nanga ni nini maana naona inatajwa tajwa tu. Sisi Wahaya tunayo pia. Ni ubao uliochongwa ukaingia ndani kama mtumbwi mdogo, huku na huku kuna meno, na uzi ni mmoja mrefu unapitishwa kwenye meno kwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi saba. Uzi mmoja, ukilegea sehemu moja na jirani zake wanayumba, kwahiyo mpigaji muda wote anaipapasa kuiweka sawa. Kwetu nanga ndio inabeba tendi, mtu mmoja anakaa anasimulia habari za mashujaa usiku kucha na watu wametulia, Profesa Mulokozi kaziandika sana hizo tendi na hata hoja ya kwamba ni tendi kamili kaitetea vizuri mno. Kwahiyo Kinyozi nikuambie tu, nanga haina shida ya kunyang'anywa bendi. Kwa desturi ni ya mtu mmoja na wasikilizaji. Wazungu hawakuivua kitu.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Mshumaa umenipunguzia kazi, asante mkuu.

Kinyozi hoja yako naiheshimu na nusu yake ni kweli, biashara ya "muziki wa dunia" ina mambo yake na nitafika huko. Ila angalia hili. Nanga sawa ni ya mtu mmoja, lakini muziki wa Waacholi kwa sehemu kubwa ni wa umati. Larakaraka, ngoma ya vijana kuchumbiana, ni kundi zima na vibuyu wanavigonga. Hata lukeme, hiyo ala ya vidole ambayo Wagogo wetu wana ndugu yake ilimba, Waacholi wanaipiga kwa makundi, ndogo na kubwa zinajibizana. Oryema kwenye Exile anapiga lukeme peke yake. Anapiga filimbi mwenyewe, gitaa mwenyewe, anaimba afu sehemu nyingi anajiitikia mwenyewe kwa sauti zilizorekodiwa juu ya sauti. Waliotakiwa kuitikia wako wapi? Wengine wamekufa, wengine wako upande wa pili wa mpaka, na mwaka huo albamu inatoka kaskazini ya Uganda kuna vita vingine tena. Paris ungempatia wapi kundi la lukeme?

Ndio maana nasema upweke wa albamu hii haukupangwa mezani na wauza kaseti. Bendi yake aliipoteza 1977, miaka kumi na tatu kabla hajamuona Eno. Na kuhusu soul na rumba, mbona zimo, sikiliza gitaa la ule wimbo Makambo lilivyokaa, hapo hakuna uzee wa kijijini hata kidogo.

Nyatiti Moja

Hapa ni Kisumu. Wakubwa, huwezi ongea hii story bila Mkenya wetu Ayub Ogada. Miaka mitatu baadaye, 1993, lebo ni ile ile, akatoa albamu En Mana Kuoyo, yeye na nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo. Ayub alikuwa mtu wa bendi kabisa huku Nairobi, Black Savage, kisha African Heritage Band, halafu akaenda Uingereza 1986 akawa anapiga barabarani kabla WOMAD wamuone. Na mnajua Kothbiro? Hiyo ngoma ilikuwa ya Black Savage miaka ya sabini, na gitaa na kila kitu. Akaibeba kwa nyatiti ndio dunia ikaisikia, ikaingia kwa filamu The Constant Gardener 2005, na 2018 Kanye West akachukua ile ya Black Savage akaweka kwa wimbo wake Yikes. Kwa hivyo mimi niko katikati yenu. Mtu alikuwa na bendi, lebo ikapenda ile ya nyuzi peke yake. Lakini pia ile ya nyuzi ndio tamu, sasa nifanyeje?

Kinyozi wa Mtaa

Nyatiti Moja umenisaidia bila kujua hahaha. Si ndio ninachosema? Kila mmoja wao ana bendi huku nyumbani, akifika Box anabaki na nyuzi.

Pangaboi_76

Remmy je? Dr Remmy Ongala alienda pale pale na bendi yake Super Matimila, albamu Songs for the Poor Man, ngoma kama Kipenda Roho zimo. Mbona hakuvuliwa bendi? Magitaa yote yapo.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Pangaboi umepiga penyewe. Remmy alifika na watu wake, wakamrekodi na watu wake. Mzee Hukwe Zawose wa Wagogo alifika na ilimba yake, akatoa Chibite 1996. Lebo haikua na kiwanda kimoja cha kukamulia kila mtu, ilichukua msanii alivyokuja. Oryema alikuja peke yake maana alikua peke yake. Ogada nae alikua anapiga mtaani peke yake.

Eno pale alipoingiza mikono nimtaje pia asionekane kalala. Land of Anaka, wimbo wa pili. Anaimba kwa Kiingereza, anakumbuka ardhi ya kwao, na nyuma vinanda vinapanda polepole sana vinakaa. Wengi huo ndio wimbo wao namba moja. Ukweli Eno hapo ameongeza kitu, gitaa lina duru fupi inayozunguka palepale na vile vinanda vinaifanya isichoshe. Oryema sauti anaishusha mpaka chini kifuani, ile sauti ya mtu aliyesoma jukwaa, anajua neno lianze na pumzi ipi. Watu wanasahau huyu alikua mwigizaji kwanza. Ndani ya albamu moja ana sauti kama tatu hivi, ya kunong'ona, ya kifuani na ile nyembamba ya juu inayotoka ghafla ukidhani kaingia mwanamke, na hachanganyi, kila moja ina kazi yake. Anatumia Kiacholi, Kiswahili na Kiingereza, na Kiingereza anakiwekea yale anayotaka mgeni aelewe moja kwa moja. Mengine yabaki huko huko.

Mama Zuu

Mapokezi sasa. Ilipokelewaje? Maana hapa kwetu mimi nimezaliwa nimekua sijawahi kulisikia hilo jina hata Redio Tanzania.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Dada hapo ndio kwenye utamu na uchungu wake.

Ulaya ilipokelewa vizuri, waandishi wa muziki waliipenda, jamaa akaanza kuzunguka matamasha. Ufaransa ndio ilimbeba haswa, na kwa njia ya ajabu: kulikua na kipindi cha televisheni France 2, Le Cercle de minuit, mazungumzo ya utamaduni usiku wa manane, kilianza 1992 kikaenda mpaka 1999, na muziki wa utambulisho wakachukua Ye Ye Ye, wimbo wa humo kwenye Exile. Fikiria. Watu wanajiandaa kulala, wanasikia gitaa na ile yeye yeye yeye, miaka saba. Mfaransa wa umri fulani ukimtajia Oryema hajui, ukimwimbia kipande kile anaruka. Yaani wimbo ulikua maarufu kuliko mwenye wimbo, na wengi hawakuwahi kujiuliza Mwacholi yule analalamikia nini, ilikua ni ishara tu ya kwamba kipindi kimeanza.

Afu wakampa jina, "Leonard Cohen wa Afrika". Hapo Kinyozi nakuachia uwanja wote, maana hilo jina linaniudhi. Mtu kafundishwa nanga na baba yake, baba kauawa, anaimba kwa lugha ya kwao, wewe unamtafutia Mkanada wa kumfananisha nae ndio umuelewe. Sawa aliimba Suzanne kwenye albamu ya kumuenzi Cohen ya 1991, I'm Your Fan, na aliimba vizuri mno. Lakini mbona Cohen hakuna aliyemuita Oryema wa Kanada?

Na Live 8 ya 2005 mnaikumbuka, tamasha la kuisaidia Afrika, Hyde Park London wamejaa majina makubwa, Waafrika wengi wakapelekwa Eden Project kule Cornwall, mbali huko pembeni ya nchi. Oryema alikua Cornwall. Ogada nae alikua Cornwall.

Kinyozi wa Mtaa

Kwa hiyo tunakubaliana.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Kuhusu walivyoiuza tunakubaliana. Kuhusu ilivyotengenezwa bado.

Mshumaa wa Bukoba

Na Uganda kwenyewe?

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Uganda ndio kimya kirefu. Kampala ya miaka ile ilikua na kadongo kamu yake, zile nyimbo za Kiganda za gitaa, na bendi zake za Kiganda, huku kaskazini watu wanakimbia vita, CD ya Uingereza inayoimbwa Kiacholi ingemfikia nani na kwa njia ipi? Walioijua ni waliosafiri au wenye ndugu nje. Yeye akaendelea kutoa, Beat the Border 1993, hiyo imechangamka zaidi ngoma zipo, kisha nyingine kadhaa. Ila ukimsikiliza mtu yeyote anayemfahamu atarudi kwenye Exile.

Akarudi nyumbani Desemba 2016. Hesabu toka 1977. Akapiga shoo Kampala, ukumbini wapo vijana ambao baba zao walikua hawajazaliwa akiingia kwenye ile buti. Mwaka na nusu baadae, tarehe 22 Juni 2018, akafariki Lorient, Ufaransa, kwa saratani, miaka 65. Ogada akafuata Februari 2019, yeye alikua amesharudi kuishi Nyanza.

Nyatiti Moja

Ayub tulimzika hapa. Redioni ile wiki walipiga Kothbiro mpaka watoto wakaijua. Alipokuwa hai sijui ilipigwa mara ngapi.

Pangaboi_76

Mkuu mimi nataka kuanza kusikiliza, nianze na ipi? Naona mtandaoni Ye Ye Ye na Land of Anaka ndio zinaongoza.

Gitaa Kavu (mleta uzi)

Usianze na hizo. Anza na Piny Runa Woko, na usisikilizie spika ya simu maana nanga itakufa yote utabaki na sauti ya mtu anaongea. Weka hedifoni. Usiruke kwenda Land of Anaka mpaka ya kwanza iishe kabisa, maana vinanda vya Eno vinapoingia kwenye wimbo wa pili utajua tofauti ya alichokuja nacho Oryema na alichoongezewa. Afu nenda moja kwa moja mpaka ya kumi ambayo ndio Exile yenyewe. Ukimaliza ndio urudi uchague.

Mama Zuu

Mimi nimeshafika wimbo wa Lacan. Yule mwanaume ana sauti jamani. Mume wangu kauliza kuna msiba gani.

Kinyozi wa Mtaa

Nimeisikiliza yote kumi leo dukani, wateja wawili wameomba nibadilishe mmoja kauliza jina nimemuandikia. Msimamo wangu huu hapa. Piny Runa Woko mleta uzi umeshinda, ile haijaguswa na mtu. Land of Anaka vinanda vimezidi, ukivitoa vile wimbo unasimama wenyewe na unauma zaidi, na hapo hutanishawishi. Kingine, Jok Omako Nyako mbona hujaigusa kabisa uzi mzima? Ndio ngoma kali kuliko zote humo ndani. Rudi uongelee hiyo.